Shule na Mfuko wa Wilaya



Katika wilaya ya Prince Edward, jimbo la Virginia, Marekani, shule za umma hutegemea mabaraza mawili. Halmashauri ya Shule huajiri walimu na kuangalia masomo, lakini haina mamlaka ya kutoza kodi. Kodi hutozwa na Baraza la Wilaya, nalo ndilo litengalo fedha za shule, juu ya msaada utokao serikalini.

Mwaka 1951 wanafunzi weusi wa shule ya Moton waligoma. Shule hiyo ilijengwa kwa watoto 180, nayo ilikuwa na zaidi ya 400, wengine wakisomea vibandani. Shauri lao lilifika mahakama ya juu kabisa, ambayo mwaka 1954 ilikataza kutenga shule kwa rangi. Mwaka 1959 Baraza, badala ya kutii, lilikataa kutoa fedha. Shule zote za umma zikafungwa miaka mitano. Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule ya binafsi. Wengi wa weusi walikosa masomo kwa miaka mingi, na mwaka 1964 mahakama iliamuru tena.

Basi mzazi atazamapo matokeo ya mtihani, na atazame pia ni nani ashikaye mfuko.