Moyo Mzito Ugenini: Mazoea ya Kila Siku Yapunguzayo Sonona

Darsa ya Ramadhani 1446, baada ya swala ya Alasiri, Birmingham

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.



Mada ya leo tumeiombwa na kina mama wa jumuiya, nao waliiomba tangu majira ya baridi. Walisema watu wetu wanajifungia. Yuko asiyepokea simu. Yuko aliyekuwa safu ya kwanza msikitini na sasa haonekani hata Ijumaa. Yuko kijana alalaye mchana kutwa na kukesha usiku, na yuko mama apikaye, akawalisha watoto, akawavisha, ilhali mwenyewe hali. Kwetu hali hii ina majina mengi. Husemwa fulani ana moyo mzito, ana dhiki, ana kijicho cha watu, ana jini. Wataalamu wa Kiswahili huiita sonona. Huzuni ya siku mbili si sonona. Tunazungumzia hali idumuyo wiki mbili na zaidi, takriban kila siku, ambapo ladha ya mambo hutoweka, usingizi huvurugika, mwili huwa kama umebebeshwa gunia, na mtu hujiona hana thamani mbele ya watu wala mbele ya Mola wake.

Kabla ya kwenda mbele, tuondoe neno moja linaloumiza sana. Kuna wasemao kuwa Muumini wa kweli hapatwi na hali hii. Wenye kusema hivyo warudi wakaisome Surat Yusuf, wamtazame Nabii Yaqub, alayhi salaam, ambaye macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni, na hakuna aliyethubutu kusema imani yake ilipungua. Na wanazuoni wetu hawakulifumbia macho jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alitenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliona asili yake imo mwilini. Huyo ni Muislamu aliyeandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Basi anayemwambia mgonjwa wa sonona azidishe swala tu na kunyamaza, hazungumzi kwa niaba ya turathi yetu.

Sasa tuje kwenye mazoea. Sonona ina hila moja kubwa: humwambia mtu angoje mpaka apate nguvu, ndipo ainuke. Naye hungoja, na kadiri angojavyo ndivyo nguvu zizidivyo kupungua. Wenye kutibu maradhi haya wamejifunza kuigeuza njia hiyo. Mgonjwa hupangiwa jambo dogo, kwa wakati maalumu, alifanye moyo upende usipende, na nafuu huja nyuma ya kitendo, tena polepole. Sisi jambo hili si geni kwetu. Adhana haimuulizi mtu kama moyo wake uko tayari. Mwenye sonona akishindwa na yote, na ashike nyakati tano kama vigingi vya hema: kwenye kila kigingi atundike jambo moja dogo. Baada ya Alfajiri afungue pazia. Baada ya Adhuhuri atoke nje hata dakika 10. Baada ya Alasiri ampigie mtu mmoja simu. Asijipangie kuhitimisha juzuu nzima, kwani atashindwa, kisha ajilaumu, na kujilaumu ndio mkate wa sonona.

Tuliposema afungue pazia tulikusudia mwanga. Tuliozaliwa Lamu, Mombasa, Unguja au Bujumbura tulizoea mchana wa saa 12 mwaka mzima, hatukupata kufikiri kuwa mchana unaweza kukatwa. Hapa Birmingham, mwezi wa Disemba, jua hutoka yapata saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Afanyaye kazi ghalani au katika nyumba ya kulelea wazee huingia kazini gizani na kutoka gizani. Mwanga wa asubuhi ndio unaoweka sawa saa ya mwili, nao huiambia akili lini iamke na lini ilale. Kwa hiyo kutoka nje asubuhi, hata mbingu ikiwa ya mawingu, ni dawa isiyolipiwa. Afanyaye zamu ya usiku naye apate mwanga wake pale aamkapo, na alalapo mchana aweke pazia zito na kuizima simu.

Na mahali pa kutembea hapakosekani. Nusu ya waliopo hapa wanaishi karibu na Small Heath Park, na wengine karibu na Cannon Hill Park. Viwanja vyote viwili vilitokana na ardhi iliyotolewa na mwanamke mmoja wa mji huu, Louisa Ryland. Cannon Hill ilifunguliwa mwaka 1873. Alitoa mali yake ili watu wa mji uliojaa moshi wa viwanda wapate pa kuvuta hewa. Tukapite basi humo, tusiviachie mbwa peke yao. Ile taasisi ya Uingereza itoayo miongozo ya tiba, NICE, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 juu ya sonona, imeyaweka mazoezi ya pamoja katika kikundi miongoni mwa tiba za sonona isiyo kali. Wamesema mazoezi ya pamoja, na hilo neno tutalirudia.

Juu ya vitamini D, tuseme kwa ufupi. Serikali hushauri wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Hatusemi kwamba inaponya sonona. Tunasema mifupa na misuli yetu inaihitaji.

Usingizi ndipo Ramadhani inapotuponyoka. Tunamaliza tarawehe, tunakaa na simu mpaka daku, kisha tunalala mpaka Adhuhuri na wengine mpaka Alasiri. Funga ya namna hiyo humwacha mwenye moyo mzito katika giza maradufu. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, hakupenda kulala kabla ya Isha wala maongezi baada yake, na kailula, kile kilazo kifupi cha mchana, ni katika mazoea mema. Alale mtu saa nne au tano usiku, aamke kwa daku, arudie usingizi kidogo ikiwa kazi inaruhusu, na mchana ajipatie dakika 20. Miraa, ambayo sheria ya nchi hii iliiharamisha mwezi Juni 2014, wapo wanaoitafuta bado, nayo huiba usingizi na hamu ya kula kwa pamoja. Hatuna haja ya kuirefusha maneno.

Futari zetu ni tamu, na hatutaki kugombana na wapishi. Lakini sambusa, kaimati, bajia na soda kila jioni kwa siku 30 huufanya mwili mzito kuwa mzito zaidi. Australia ulichapishwa utafiti mwaka 2017 juu ya watu 67 wenye sonona; waliosaidiwa kubadili chakula kwa wiki 12, wakala mboga, kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo, tusiukuze, ila vyakula vyenyewe tunavijua: kunde, dengu, mchicha, samaki. Na ipo talbina, uji wa shayiri. Imepokewa kwamba Bibi Aisha, radhiya Llahu anha, ulipotokea msiba nyumbani kwao, wanawake hukusanyika kisha wakaondoka, wakabaki jamaa wa karibu. Hapo ndipo alipoamrisha chungu cha talbina kiwekwe motoni, kwani alimsikia Mtume akisema kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Tutazame wakati alioupika: baada ya umati kuondoka.

Hapa tuwazungumzie kina mama waliojifungua, maana wao wamesahauliwa mno. Kwetu pwani mzazi huwa na arubaini. Siku 40 hakandi unga wala hafui. Hukandwa mwili kwa maji moto na mafuta, hunyweshwa uji wenye pilipili manga, na mtoto hupokelewa mikononi na bibi, shangazi, jirani. Wazee wetu hawakuwa na neno sonona ya uzazi, lakini walikuwa na utaratibu uliomzunguka mama kwa usingizi, chakula na watu. Hapa mama hutoka hospitali siku ileile au ya pili yake, mume hurudi kazini baada ya wiki mbili kama alipata likizo hiyo, na bibi yuko Tanga akitazama kwa video. Kisha tunamshangaa mama analia. Arubaini si anasa ya nyumbani ya kuachwa uwanja wa ndege. Wanawake 5 wa mtaa mmoja wakigawana siku, mmoja alete uji, mmoja amshike mtoto saa mbili mama alale, arubaini imesimama hapahapa Sparkbrook.

Na wapo ndugu zetu wangojao uamuzi wa hifadhi. Sheria haiwaruhusu kufanya kazi, na hata kuomba ruhusa hubidi wangoje miezi 12. Siku yao haina kigingi cha asubuhi wala cha jioni. Lakini kujitolea bila ujira katika shughuli za hisani wanaruhusiwa: kupika futari, kufundisha watoto madrasani, kupanga majuzuu. Tuwape kazi hizo wao kwanza, na tuwape kwa saa maalumu, ili mtu ajue kuwa Jumanne saa kumi anangojwa.

Sasa turudi kwenye neno pamoja. Nchini Uganda, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, palifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Hiyo ni sehemu iliyoumizwa vibaya na ukimwi. Watafiti waliuliza kwanza watu wenyewe waiitaje hali hii, nao wakataja kwa Luganda maneno yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Kisha wakaundwa vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, vikakutana mara moja kwa wiki, dakika 90, wiki 16. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofunzwa wiki mbili. Watu walizungumza juu ya misiba, magomvi ya nyumbani na mabadiliko ya maisha, wakasaidiana kutafuta la kufanya. Mwishoni, waliobaki na sonona kali ndani ya vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyo na vikundi asilimia 54.7. Tumezitaja tarakimu hizi kwa sababu waliokaa pale ni watu kama sisi, na walichokifanya kinafanana na baraza ya mlangoni, ila baraza yenye siku, saa na amana ya siri. Siri ndiyo penye shida kwetu. Mtu akisema jambo lake leo, kesho likawa kwenye kundi la WhatsApp, hatasema tena milele.

Mazoea haya hayaondoi haja ya tiba. Hapa Uingereza mtu anaweza kujipeleka mwenyewe kwenye huduma ya NHS Talking Therapies bila kupitia kwa daktari, na anaweza kuomba mkalimani bila malipo. Asimtumie mtoto wake kukalimani. Atumiaye vidonge vya sonona asiviache kwa sababu ya Ramadhani. Vingi humezwa mara moja kwa siku, basi amuulize daktari au mfamasia kuvihamishia futari au daku. Atumiaye lithiamu asifunge kabla ya kuzungumza na daktari, maana maji yakipungua mwilini dawa hiyo huweza kugeuka sumu. Mgonjwa ana ruhusa ya Mola wake, na ruhusa haioni mtu haya kuipokea. Na ajiwaye na fikra za kujiua, au amwonaye mwenzake katika hali hiyo, apige 111 kisha achague 2, au Samaritans kwa 116 123, usiku na mchana bila malipo. Hatari ikiwa imefika, 999. Kumuuliza mtu waziwazi kama ana fikra hizo hakumtii fikra hizo kichwani.

Limebaki jambo la Shawwal. Mwezi huu watu wanaonana kila jioni, chakula kina saa yake, na mpweke ana safu ya kusimama. Usiku wa Idi msikiti utajaa, na wiki ifuatayo zitabaki safu mbili. Aliyekuwa anashikiliwa na Ramadhani ataanguka hapo, na hakuna atakayesikia, kwa kuwa sote tutakuwa tumerudi kwenye zamu zetu. Tumekubaliana na kina mama mambo mawili. Jumapili ya kwanza baada ya Idi, saa nne asubuhi, tutakutana lango la Small Heath Park upande wa Coventry Road, tutembee mwendo wa mzee, na kila Jumapili ifuatayo, mvua inyeshe isinyeshe. Na kabla ya kutoka leo, kila mmoja wetu achukue karatasi mlangoni, aandike jina la mtu mmoja ambaye hajamwona tangu baridi ianze, aiweke mfukoni mwake mwenyewe, na ampigie simu usiku huu baada ya tarawehe. Asipopokea, kesho ampelekee futari mpaka mlangoni.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wenye maradhi ya mwili na ya moyo. Adhana imekaribia, tende na maji viko nyuma, kina mama upande wa kushoto.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.