Safari ya Kutazama Majengo, na Nyumba Tunayotaka Kujijengea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa robo mwaka)



Tumesimama mbele yenu sisi wanne mliotutuma, nasi tumekuja kutoa hesabu. Wengi wenu mwakumbuka maneno yaliyosemwa siku ile nauli ilipoombwa. Mzee wetu mmoja aliuliza, “Je, karani atakwenda Nairobi kutazama kuta, hali kuta za kwao zimebomoka?” Watu wakacheka, nasi tukainamisha vichwa. Swali lile lilikuwa la haki, na leo tutajaribu kulijibu.

Kwanza hatuna budi kukiri jambo moja. Katika sisi wanne, watatu tumekaa Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kuhamishiwa huku Morogoro. Soko la Kariakoo tulikuwa tukiliingia kila mwisho wa mwezi, tukanunua mchele na dagaa, tukatoka. Hata siku moja hatukuinua macho kutazama kilichotufunika. Tuliinua macho mara ya kwanza mwaka 2019, tulipokwenda kwa shughuli nyingine, mvua kubwa ikatuzuia ndani. Tukakimbilia katikati, tukasimama na vikapu vyetu, tukitazamia kusikia kishindo kile cha mvua juu ya mabati ambacho humfanya mtu asisikie neno la jirani yake. Hatukukisikia. Basi tukamwuliza mchukuzi mmoja aliyeketi juu ya gunia lake, “Maji yote haya yanakwenda wapi?” Akatuonyesha juu kwa kidole, kisha akaonyesha chini.

Ndipo tulipoona. Paa la soko lile ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake mfano wa uyoga. Mvua hukusanyika katika vikombe vya miavuli, ikateremka mpaka katika birika lililo chini. Tena miavuli haikuzibwa pande zote. Upepo hupita kati yake, na mwanga huingia pasipo jua kali. Kwa hiyo maelfu ya watu huweza kununua na kuuza humo katika joto la pwani, wala hawakosi pumzi.

Aliyelichora ni Bwana Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea kazi ya kuchora majengo. Masomo yake aliyapata Haifa. Soko lilifunguliwa na Rais Nyerere mwaka 1975. Na mahali penyewe pana habari yake, maana jina Kariakoo latokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya kwanza, waliokuwa na kambi hapo chini ya Waingereza. Basi pale walipopanga wachukuzi wa mizigo ya vita, mwana wa nchi alijenga nyumba ya kuwafunika wachukuzi wa mizigo ya soko.

Mabwana, usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lile liliungua. Kazi ya kulitengeneza ilifuata, lakini sisi tuliosikia habari ile tulishikwa na majuto. Tulikuwa tumesema, “Tutarudi siku moja tulitazame vizuri.” Laiti tungalikwenda mapema! Kwa sababu hiyo tulipopata ruhusa zetu mwaka huu tulikataa kungoja tena, tukapanda basi kwenda Nairobi.

Safari ni ndefu, nayo twaipita upesi, maana shingo na magoti yaliyouma si habari ya chama. Siku ya pili tulisimama mbele ya jumba la mikutano liitwalo Jumba la Kenyatta. Lina mnara wa ghorofa 28, kimo chake kama mita 105, nao wafanana kwa rangi na udongo mwekundu wa nchi. Kando ya mnara pana ukumbi wa mviringo wenye paa la kuchongoka. Mmoja wetu, aliyelelewa na bibi yake kijijini, alitazama kitambo akasema, “Hii ni nyumba ya msonge.” Naam, alisema kweli. Waliochora walitwaa umbo la nyumba ya Mwafrika, wakalijenga kwa zege, bila kulionea haya.

Nao walikuwa wawili: Bwana Karl Henrik Nøstvik wa Norway, na Bwana David Mutiso wa Kenya. Neno hili tulitaka mlisikie hasa ninyi wenzetu: Bwana Mutiso alikuwa mchoraji mkuu katika wizara ya kazi za umma. Alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi, mtu wa meza, wa faili na wa mwisho wa mwezi. Jumba lilianza kama wazo la makao ya chama cha KANU, tena dogo. Likakua kazi ikiendelea, hata mwaka 1973, lilipomalizika, likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Tulilipa kiingilio, tukapanda mpaka juu kabisa. Toka pale tuliuona mji wote, na upande wa kusini mbuga ya wanyama. Tulikaa kimya. Kisha mwenzetu mmoja akauliza swali lililotuharibia furaha: “Na nyumba yetu, je?”

Bwana Rais, hapa ndipo penye hesabu yenyewe. Ramani ya ukumbi wa chama imetundikwa ukutani nyuma yetu, na Jumamosi ijayo mkataba wa fundi watakiwa kutiwa sahihi. Itazameni. Upande wa mbele ni kioo kitupu, nao waelekea magharibi. Saa tisa ya alasiri, saa tunayotoka kazini na kuja mkutanoni, jua litaingia lote. Paa ni mabati bila dari. Mvua ya masika ikinyesha, katibu atasoma taarifa na asisikiwe. Baraza hakuna. Kwa nini? Kwa sababu ramani ilinakiliwa katika gazeti la nchi za baridi, ambako watu hulitafuta jua kama sisi tutafutavyo kivuli. Na ni nani walioipitisha? Ni sisi wanne, pamoja na wenzetu wa halmashauri. Tuliipenda kwa kuwa iling'aa. Hatumlaumu mtu mwingine.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, nyumba igeuzwe, pande zake ndefu zielekee kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uwe ukuta wenye madirisha machache. Pili, pawe na baraza pana yenye benchi, na matundu juu ya kuta ili hewa ya joto ipate njia. Tatu, paa liwekewe dari, na maji yake yaongozwe kwenye birika. Mwajua wenyewe bomba la mtaa huu hukauka siku ngapi kwa juma. Fundi ametuambia kwamba kubadili mistari katika karatasi ni kazi ya siku chache, bali kubadili ukuta uliokwisha simama ni kuujenga mara mbili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ungali katika karatasi.

Na mzee wetu aliyeuliza habari ya kuta, twamjibu kwa heshima: Baba, tulikwenda kutazama kuta za watu, na tuliporudi ndipo tulipoziona za kwetu. Nauli mliyotupa ni ndogo kuliko gharama ya kubomoa. Mwenye ruhusa mwaka huu asiimalize yote kitandani. Aende akatazame kilichojengwa vema angali na miguu, nacho kingali kimesimama.

Twaomba sahihi ya Jumamosi iahirishwe kwa majuma mawili. Hiyo ndiyo hoja yetu, nasi twaiweka mbele yenu mpige kura.