Kuwajua Watu Kabla ya Kuwarekebisha: Nasaha juu ya Kusomea Anthropolojia ya Jamii

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya vijana wanaojiandaa kuingia Chuo Kikuu, pamoja na wazazi na walezi wao)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa watu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Katika semina hii yamekwisha kuzungumzwa masomo ya udaktari, uhandisi, sheria na uhasibu. Hayo hayana mgogoro. Mzazi akisikia kuwa mwanawe amechaguliwa kuyasomea, huwaita majirani wafurahi pamoja naye. Sisi tumepewa somo ambalo mzazi akilisikia hunyamaza kwanza, kisha huuliza, "Ndiyo kitu gani hicho?" Nalo ni anthropolojia ya jamii. Maswali ya wazazi juu yake ni matatu: Ni somo gani? Je, halitamtoa mtoto wangu katika dini? Na akihitimu, atakula wapi? Tutajitahidi kuyajibu, na juu yake tutaongeza la nne, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi.

NI SOMO GANI?

Kwa maneno mepesi, ni elimu ya kuchunguza jinsi wanadamu wanavyoishi pamoja: wanavyooana na kurithiana, wanavyogawana ardhi, wanavyosuluhisha ugomvi, wanavyouguza wagonjwa na kuzika wafu wao. Kinacholitofautisha na masomo jirani ni njia yake. Mchumi huhesabu, mwanahistoria hufungua nyaraka, lakini mwanaanthropolojia huenda akakaa. Bronislaw Malinowski, Mpoland aliyekuja kufundisha London, aliishi katika visiwa vya Trobriand karibu na New Guinea kwa vipindi viwili kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha ya wenyeji, akapiga hema kijijini mwao. Tangu hapo kukaa na watu na kusema lugha yao kukawa ndio msingi wa somo. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyeandika juu ya kabila lake mwenyewe la Wakikuyu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1938.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza husoma nadharia za wataalamu, husoma habari za jamii mbalimbali za dunia, hufundishwa namna ya kuuliza na kusikiliza, na mara nyingi humalizia kwa utafiti mdogo wake mwenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam somo hili limo katika idara moja na sosholojia.

Mwislamu hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Mwenyezi Mungu anatufahamisha katika Sura Al-Hujurat, aya ya 13, kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba ubora mbele Yake ni kwa uchamungu. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, na mnamo 1030 akakamilisha kitabu kikubwa juu ya watu wa India, akieleza imani zao kama wao wenyewe walivyozieleza, ingawa hakuziamini. Ibn Battuta alifika pwani yetu mwaka 1331, akaandika juu ya watu wa Mombasa, uchamungu wao, misikiti yao ya mbao na maji yaliyowekwa milangoni ili watu waoshe miguu. Naye Ibn Khaldun, mwaka 1377, akaandika Muqaddima yake kueleza kwa nini dola huinuka na kuanguka, na nini kinachowaunganisha watu.

JE, SI ELIMU YA WAKOLONI?

Shaka hii ina msingi, wala hatutaificha. Hapa Tanganyika, utawala wa Kiingereza uliwatumia wataalamu wa somo hili ili uwatawale watu vizuri zaidi. Mwaka 1935 kilichapishwa kitabu juu ya jaribio lililofanyika Iringa, ambapo mtaalamu wa anthropolojia na Bwana Shauri wa wilaya walishirikiana kuwachunguza Wahehe kwa manufaa ya serikali ya kikoloni. Na mwaka 1964 kilitoka kitabu kilichotumiwa sana juu ya Uislamu katika Afrika Mashariki. Mwandishi wake, J. Spencer Trimingham, alikuwa amefanya kazi Sudan chini ya chama cha wamisionari wa Kianglikana. Kwa miaka mingi, aliyetaka kujua habari zetu vyuoni alipewa kitabu hicho akisome.

Sasa, ndugu zetu, dawa ni ipi? Tukiwazuia vijana wetu wasiisome elimu hii, wengine hawataacha kutuandika. Wataendelea, nasi tutabaki tukilalamika kuwa tumeandikwa vibaya.

Tazameni waliochukua kalamu. Talal Asad alizaliwa Madina mwaka 1932, naye ni mwana wa Muhammad Asad, mfasiri mashuhuri wa Qur'an Tukufu kwa Kiingereza. Mwaka 1973 alihariri kitabu kilichoulizana waziwazi na wanaanthropolojia juu ya uhusiano wa somo lao na ukoloni. Mwaka 1986 akaandika makala iliyowaambia wataalamu wenzake kwamba anayetaka kuuelewa Uislamu aanzie pale wanapoanzia Waislamu wenyewe, yaani kwenye mapokeo yao yanayotegemea Qur'an na Hadithi. Mmisri Abdul Hamid el-Zein alikaa Lamu, na kitabu chake juu ya dini katika mji huo kikachapishwa mwaka 1974. Saba Mahmood, mzaliwa wa Pakistan, alikaa na wanawake wa darasa za misikitini mjini Cairo. Katika kitabu chake cha mwaka 2005 aliwaonyesha wasomi wa Magharibi kwamba haya na ibada za wanawake hao haziwezi kuelezwa kwa neno moja tu la "kuonewa". Hoja hiyo ilisikilizwa katika vyuo ambavyo mihadhara yetu haifiki.

JE, HALITAMTOA KIJANA KATIKA DINI?

Hatari ipo. Kijana atakutana na Edward Tylor, aliyefundisha mwaka 1871 kuwa dini ilianza kwa binadamu wa kale kuwaza juu ya roho na ndoto. Atakutana na Émile Durkheim, aliyesema mwaka 1912 kuwa katika ibada jamii hujitukuza yenyewe. Atasikia pia kuwa mila zote ni sawa na kwamba hakuna haki wala batili.

Ushauri wetu ni kutenganisha mambo mawili. Kuahirisha hukumu mpaka uelewe ni adabu ya elimu, na kadhi yeyote mwadilifu huifanya anaposikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua. Kusema kuwa haki haipo kabisa ni itikadi, na hakuna mtihani unaomlazimisha mwanafunzi kuiamini. Anachotakiwa ni kuieleza nadharia ya Durkheim kwa uaminifu. Kisha anayo ruhusa ya kuipinga kwa hoja. Al-Biruni alieleza bila kuridhia. Lakini kijana aliyelelewa kwa kukariri tu, asiyewahi kuruhusiwa kuuliza swali madrasani, huyo atatikisika hata akisomea uhandisi. Hivyo wazazi wawaandae watoto wao kabla ya safari, na wasiwaache peke yao baada ya kufika huko.

KWA NINI TUNALIHITAJI SISI

Hili ndilo jambo la nne. Sisi ni watu wa kurekebisha. Tunawaita Waislamu waache yasiyokuwa na asili katika dini. Je, mtu anaweza kurekebisha asichokijua?

Tuchukue mfano mmoja. Mlinganiaji anafika kijijini asubuhi, anakuta matayarisho ya arobaini, na adhuhuri anapanda mimbari kukataza. Dalili zake za kisheria huenda ni sahihi. Lakini hakuuliza mkusanyiko ule unafanya kazi gani. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, siku ya kumaliza tanga ndiyo siku ukoo wote unapokutana: madeni ya marehemu hutajwa mbele ya mashahidi, malezi ya yatima huzungumzwa, na hupendekezwa msimamizi wa mirathi ambaye jina lake litapelekwa mahakamani. Mkusanyiko ukivunjwa na badala yake hapakuwekwa kitu, anayepata hasara ya kwanza ni mjane, kwa kuwa shemeji zake sasa wanaweza kugawana shamba bila ya shahidi. Mlinganiaji ameondoa bid'a, na bila kukusudia amefungua mlango wa dhulma ambayo Qur'an imeikemea vikali.

Mwenye kujua angelisema: karamu inayomtia mjane katika deni tuiache, lakini kikao cha madeni na mirathi tukifanye, tena mapema zaidi, kwa kuwa sheria ya Mwenyezi Mungu inakitaka. Watu wangelisikiliza, kwani wangeliona wameeleweka.

Hayo yalithibitika pia katika balaa la Ebola huko Guinea, Sierra Leone na Liberia kati ya 2014 na 2016, ambapo watu zaidi ya 11,000 walikufa. Maiti walikuwa wakiambukiza, na kuosha maiti kulieneza ugonjwa. Mwanzoni wapo waliozikwa haraka na watu wasiojulikana, bila jamaa wala sala, basi familia zikawaficha wagonjwa na wafu wao. Katika kijiji cha Womey nchini Guinea, mwezi wa Septemba 2014, wananchi waliuwa watu 8 wa msafara uliokuja kuelimisha juu ya ugonjwa huo. Ndipo wanaanthropolojia na viongozi wa dini waliposhirikishwa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 ukaeleza mazishi salama yenye heshima. Kwa maiti Mwislamu, tayamamu badala ya kuoshwa kwa maji. Rukhsa hiyo ilikuwamo katika sheria yetu tangu zamani. Kilichokosekana mwanzoni ni mtu wa kusikiliza familia na kuiunganisha na daktari.

ATAKULA WAPI?

Hatutawadanganya. Matangazo ya kazi yanayomtaja "mwanaanthropolojia" ni machache. Wahitimu huajiriwa katika miradi ya afya na maendeleo vijijini, katika utafiti, makumbusho, ustawi wa jamii na ualimu, na humo hushindana na wenye shahada nyingine. Kwa hiyo kijana aongeze ujuzi wa takwimu, aandike vizuri kwa Kiswahili na Kiingereza, na ajifunze Kiarabu kama anataka kuitumikia dini. Asiyependa kusoma vitabu vingi wala kukaa na watu na kuwasikiliza asilichague somo hili kwa sababu tu alikosa nafasi kwingine.

Enyi vijana wetu, mkilichagua, anzeni na bibi na babu zenu. Waulizeni habari za ndoa, mashamba na mazishi ya zamani, mkayaandike kabla hawajatutoka. Nanyi wazazi, msimvunje moyo mtoto kwa sababu jina la somo ni gumu kutamka.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atufanye wenye kuwajua waja Wake, kuwahurumia na kuwaongoza kwa hekima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.