Kusoma Kibandiko cha Betri ya Motokaa ya Fahari

Wiki iliyopita tulisoma risiti ya duka. Leo tutasoma kibandiko cha betri ya motokaa. Najua wengine mtacheka na kusema, "Mwalimu, mimi hata baiskeli sina." Lakini wengi katika madarasa yetu ni madereva, waosha magari na walinzi wa magetini. Gari wanaloshika kila siku ni BMW, Mercedes-Benz au Range Rover ya mtu mwingine, na likigoma kuwaka wa kwanza kuulizwa ni wao.

Mwenzenu mmoja, dereva wa Dar es Salaam, ametueleza yaliyompata. Anaendesha BMW ya mama mmoja mfanyabiashara. Betri ilikufa, akapewa fedha akanunue nyingine. Kabla ya miezi minane kwisha, ile mpya nayo ikafa. Mama akamwambia, "Mzee, ukinisubiri unasikiliza redio, unamaliza betri." Akakatwa nusu ya mshahara. Mzee akanyamaza, kwa maana hakuweza kusoma alichokinunua.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni hivi: 12V, halafu 95Ah, halafu 850A, na mwisho AGM. Wanafunzi, yatazameni maandishi hayo.

12V ni volti 12. Ndani ya betri mna vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo. Gari dogo la sokoni na gari la fahari yote hutumia betri ya volti 12, kwa hiyo namba hii haitusaidii kuchagua.

95Ah ndiyo akiba, kama ukubwa wa pipa la maji. Betri ya 95 inaweza kutoa ampea 4.75 kwa saa 20 kabla ya kwisha. Gari la fahari lina kompyuta nyingi, viti vya umeme, kengele ya wezi na vitu vingine ambavyo havilali mara tu unapozima injini. Ndiyo maana linataka pipa kubwa. Namba ya tatu, 850A, ni nguvu ya kuamsha injini kwa mara moja wakati wa baridi kali. Isipungue ile ya betri ya kwanza.

Sasa herufi tatu, AGM. Someni: A, G, M. Katika betri ya kawaida asidi huchezacheza kama maji ndani ya ndoo. Katika betri ya AGM asidi imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyobanwa kati ya mabamba ya risasi. Huvumilia kuishiwa na kujazwa mara nyingi. Gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani na kuwaka tena hutengenezwa kwa betri ya namna hii, au kwa ile iliyoandikwa EFB. Kama betri ya kwanza ilikuwa AGM, rudisha AGM. Bei yake inauma, nakubali.

Mzee wetu alipojifunza herufi hizi alifungua buti, akainua sakafu yake, akasoma kwa kidole. Betri ilikuwa 70Ah, na AGM haikuandikwa popote. Kitabu cha gari kilisema 90Ah, AGM. Muuzaji alimpa iliyokuwepo dukani.

Tena palikuwa na kosa la pili. BMW nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 2000 zina kipimo kidogo kwenye waya wa kutoa, na kompyuta huhesabu umri wa betri. Ukiweka mpya bila kuiambia, huendelea kuichaji kama ile kuukuu. Fundi lazima aunganishe mashine yake na kuandikisha betri mpya, na kama ukubwa umebadilika aandike huo pia. Muulize kabla hujamlipa.

Lakini msikimbilie kununua. Pimeni kwanza. Gari likiwa limelala saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Injini ikiwaka, mara nyingi mtaona 13.5 hadi 14.8. Ikibaki 12 na kushuka, mtazameni altaneta, msiilaumu betri.

Katika kubadilisha, mambo ni machache ila yana hatari. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara kando. Vua pete na saa. Kama betri iko kwenye buti, acha buti wazi na ufunguo mfukoni, maana kufuli lake ni la umeme. Wako waliolifunga wakabaki nje wakilitazama. Zima kila kitu, subiri nusu saa kompyuta zilale. Kisha fungua waya wa kutoa (−) kwanza, mara nyingi kwa spana namba 10, halafu wa kujumlisha (+). Ukirudisha, anza na kujumlisha, kutoa kuwe mwisho. Sababu ni hii: mwili wote wa gari umeungwa na kutoa. Spana ikigusa kujumlisha na bodi kwa pamoja, cheche zitakuunguza. Betri iliyo ndani ya gari ina kimpira cha kupitisha gesi nje, usikisahau. Na ombeni msaada kuinyanyua, maana AGM ya 95 hufika kilo 25 na zaidi.

Betri kuukuu msiitupe, wala msimwage asidi yake uani, wala msiyeyushe risasi jikoni. Rudisheni dukani, wengi hupunguza bei kwa ajili yake. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia risasi katika udongo na damu za wakazi, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Naye mzee alimpelekea mama risiti, kitabu cha gari na kibandiko, akamsomea mwenyewe. Amerudishiwa sehemu ya fedha yake. Sehemu iliyobaki bado wanaizungumza. Wiki ijayo tutasoma barua ya mkataba wa kazi. Kwaherini.