MAZUNGUMZO KUHUSU HIFADHI YA MAJI: MFEREJI HUGEUZA MAJI YA MTO



Mazungumzo haya yanahusu mito ya Kalimantan ya Kati, katika kisiwa cha Borneo nchini Indonesia, na somo lake kwa kila mwenye dhamana ya ardhi.

Sehemu ya jimbo hilo ni misitu ya kinamasi iliyoota juu ya mboji, yaani mabaki ya miti yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, kwa kuwa maji yaliyotuama huyazuilia hewa. Baadhi ya mito yake, kama Sebangau, kwa asili ina maji meusi mfano wa chai ya rangi, yenye asidi na madini machache. Weusi huo peke yake si dalili ya uharibifu.

Uharibifu mkubwa ulitokana na uamuzi wa ofisini. Mwaka 1996 Serikali ya nchi hiyo ilianza mradi wa kugeuza takriban hekta milioni 1 kuwa mashamba ya mpunga. Misitu ilifyekwa, na mifereji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000 ikachimbwa. Mpunga haukustawi, na mwaka 1999 mradi ulikomeshwa. Mifereji ilibaki.

Mboji iliyokaushwa hupata hewa, ikaoza, na huungua kwa urahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa maji yatokayo katika misitu isiyoharibiwa hubeba kaboni changa ya mimea ya karibuni. Yale ya maeneo yaliyoharibiwa hubeba kaboni yenye umri wa karne nyingi hadi maelfu ya miaka, na jumla yake huzidi kwa kiasi cha nusu. Sababu mojawapo ni kuwa maji ambayo miti ingeyanyonya na kuyarudisha hewani sasa hupenya katika mboji na kuingia mitoni.

Aidha, pale mboji ilipo nyembamba, chini yake huweza kuwamo udongo wa kale wa bahari wenye chuma na salfa. Udongo huo ukipata hewa hutoa asidi kali inayodhuru mazao na samaki.

Tiba iliyopo ni kuziba mifereji ili kinamasi kijae maji tena. Tiba hiyo hupunguza hasara, lakini hairudishi kilichokwisha kuchukuliwa na mto. Kwa hiyo, inawapasa wenye mamlaka ya kuidhinisha mfereji kupima udongo na maji kabla ya jembe la kwanza.