Mpelelezi Yuko Jikoni



Riwaya yetu ya upelelezi haikuanza na bastola. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, huvuta kiko, husikiliza, huhoji, kisha hufumbua.  Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa *Simu ya Kifo*, fumbo likahamia mjini. Baadaye Elvis Musiba akamleta jasusi wake, Willy Gamba, na risasi zikarindima. Sina ugomvi na risasi. Ninachodai ni kwamba katika mbio zote hizo jiko limebaki mahali pa kuagizia chai.

Afrika Kusini wamelifikia. Katika *Recipes for Love and Murder* ya Sally Andrew, iliyotoka 2015, mpelelezi ni Tannie Maria, mama wa mji mdogo wa Karoo anayeandikia gazeti mapishi na ushauri. Sisi mama lishe tunao tele, kuanzia Mchikichini hadi Soko la Ilala. Mama lishe anajua nani ameshuka kutoka wali nyama hadi ugali maharage, nani amelipa deni lote kwa mkupuo bila maelezo, na marafiki gani hawakai tena benchi moja. Polisi atayapata hayo baada ya wiki, akiyapata.

Anayedhani jikoni hakuna kesi nzito akumbuke Tarime. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu vijijini walianza kupooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Uchunguzi uliishia kwenye muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ya sianidi, na hauliwi salama mpaka uandaliwe kwa siku kadhaa. Njaa haikungoja siku hizo. Tena sumu haikuwa peke yake: mwili huiondoa kwa msaada wa protini, na kwenye sahani hapakuwa na samaki wala maharage. Wataalamu walihitaji maabara. Mpishi mzoefu angeanza na maswali mawili: muhogo umekaa siku ngapi, na mmeula na nini?

Hapo pana riwaya nzima, isiyo na tone la damu wala jambazi wa kukimbizana naye, na msomaji hataiweka chini.

Waandishi vijana, mpeni mama lishe kesi yake ya kwanza. Wachapishaji, msiseme haiuziki kabla hamjaichapa. Na anayetafuta pa kuanzia aende kibandani leo mchana, aagize, alipe taslimu, halafu anyamaze asikilize.