Miadi ya Simu kwa Wagonjwa wa Mifupa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya wazee na vijana wa Kiembe Samaki, Unguja.)



Nimeombwa nizungumze juu ya simu na huduma za hospitali. Jambo hili ni pana, nami nimechagua kulitazama kwa jicho la mgonjwa mmoja tu, yaani mtu aliyevunjika. Nimemchagua huyu kwa sababu moja ambayo wapangaji wa mambo aghalabu huisahau: maradhi yake yenyewe ndiyo yanayomzuia kwenda kutibiwa. Mwenye homa hujikokota akafika. Aliyevunjika paja hajikokoti. Nasi tunamwambia, "Rudi baada ya wiki mbili."

Hebu tuufuate mwendo wake. Sisi wa Kiembe Samaki tu watu wa karibu. Daladala za Uwanja wa Ndege zinapita hapa barabarani na mjini si mbali. Lakini mwenye hogo la plasta kutoka wayoni hadi pajani hawezi kukunja goti, na daladala haikuundwa kwa mtu asiyekunja goti. Itambidi akodi gari. Atafuatana na mtu wa kumshika, na mtu huyo ataacha kazi yake siku ile. Akiwa anakaa ghorofa ya juu katika majumba ya Michenzani, ataanza na ngazi kabla hajaiona barabara. Akiwa ni mvuvi wa Tumbatu, ataanza na mashua. Na akiwa ni mchumaji wa karafuu wa Pemba aliyeanguka mtini, akaletwa Unguja kwa matibabu makubwa, basi kila mahudhurio kwake ni safari ya bahari. Watu hawa wote hufika, hungoja kwenye benchi, na baadhi yao huambiwa maneno ambayo hayakuhitaji safari: "Unaendelea vizuri, njoo tena mwezi ujao."

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ilitangaza matibabu bila malipo, na madaktari kutoka China wakaanza kuja kuwahudumia wananchi wetu. Ilikuwa hatua kubwa, na wazee waliopo hapa wanaijua kuliko mimi niliyeisoma vitabuni. Lakini nauli haikufutwa, wala siku ya kazi inayopotea. Gharama iliyoondolewa mlangoni mwa hospitali ilibaki njiani, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu wa shamba akate hesabu, aache kurudi, na mfupa ukaunga kombo. Mfupa ulioungana kombo hauna huruma: mkwezi hapandi tena mnazi, na fundi seremala hashiki tena randa.

Je, simu yaweza kusaidia? Katika mji wa Glasgow, huko Uskoti, Hospitali ya Royal Infirmary ilianzisha mwaka 2011 utaratibu mpya kwa watu waliovunjika. Mgonjwa akishapokewa na kupigwa picha ya eksirei, wenye mivunjiko midogo inayojulikana kupona yenyewe, kama ule wa mfupa wa kiganja chini ya kidole cha mwisho, hupewa kifungo cha kuvua na kuvaa, maelezo ya maandishi, na namba ya simu ya kupiga wakiona tatizo. Kisha huenda zao bila ya miadi ya kurudi. Kwa waliobaki, daktari bingwa huitazama picha na maelezo ya mgonjwa, mgonjwa mwenyewe akiwa nyumbani kwake. Na baadaye muuguzi humpigia simu kumweleza kama aje, lini, na kwa daktari gani. Mpango huo ulienea katika hospitali nyingi za Uingereza.

Naomba tusiusome mpango huo kwa pupa. Simu ndani yake ilikuja mwishoni. Mwanzo wake ni picha nzuri ya eksirei, daktari mwenye uzoefu aliyekaa kitako akaitazama, na mgonjwa aliyeelezwa kwa lugha anayoifahamu. Anayechukua simu akayaacha hayo matatu huwa amehamisha foleni kutoka kwenye benchi kuipeleka kwenye waya, basi.

Tena, mfupa hauguswi kwa simu. Daktari hawezi kusikia kwa sikio kama goti limekakamaa, wala kunusa kidonda kilichoanza kuoza chini ya plasta. Kuna mivunjiko ambayo ni lazima ipigwe picha upya katika wiki ya kwanza au ya pili, kwa kuwa mfupa uliokaa sawa leo waweza kuteleza kesho. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa kwa simu kwamba mambo ni mazuri, atakuwa amedanganywa kwa upole.

Lakini iko simu moja ambayo, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko zote, nayo ni ile ya asubuhi baada ya kufungwa hogo. Kiungo kilichovunjika huvimba, na hogo halitanuki. Uvimbe ukizidi, damu haipiti, na misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache. Mgonjwa huhisi maumivu makali yanayozidi, yasiyosikia dawa; vidole hufa ganzi, na akivinyoosha hupiga ukelele. Nyumbani humwambia astahimili, kwa kuwa kuvunjika ni maumivu. Kumbe pale hapafai kustahimili hata kidogo. Panatakiwa hogo lipasuliwe upesi, na pengine apelekwe kwenye chumba cha upasuaji usiku uleule. Hatari hii ndiyo ileile ya magango ya mianzi yanayokazwa kupita kiasi. Simdharau fundi wa kuunga wa kienyeji, kwani aliwahudumia babu zetu. Nasema tu kwamba damu haichagui kama iliyoibana ni plasta au mwanzi. Muuguzi akipiga simu asubuhi na kuuliza maswali matatu, "Vidole vinachezeka? Vina ganzi? Dawa imetuliza?", ameokoa mkono wa mtu kwa dakika mbili.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya Ulaya. Nawajibu kwa mfano wa hapa hapa. Mwaka 2009 na 2010, Wizara ya Afya ya Zanzibar na watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walifanya utafiti katika vituo 24 vya afya, kwa wajawazito 2,550. Baadhi ya vituo vilipangiwa wajawazito wake wapelekewe ujumbe kwa simu na wapewe vocha ya kumpigia mkunga. Katika kundi hilo, wanawake 60 katika kila 100 walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi; katika kundi lisilopewa, ni 47. Lakini faida ile ilionekana kwa wanawake wa mjini, na kwa wa shamba haikuonekana. Hapo ndipo panaponikera kila nikisoma matokeo yale. Yule aliye mbali, ambaye tunamtaja katika kila hotuba, simu peke yake haikumfikisha.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililiona jambo hilo mapema. Tangu mwaka 2009 ilianza kuwapelekea nauli kwa M-Pesa wanawake wenye fistula waliokuwa mikoani, ili wasafiri kwenda kutibiwa. Simu ile haikuishia kusema "njoo". Ilibeba na nauli ya kujia.

Hospitali hiyohiyo hutibu pia watoto waliozaliwa na mguu kifundo, na tiba yao yatuonyesha mpaka wa simu ulipo. Mtoto hufungwa hogo jipya kila wiki kwa wiki kadhaa, na kazi hiyo ni ya mikono; hakuna simu itakayoifanya. Baadaye huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu hadi afikie kama miaka minne. Hapo ndipo wengi huharibikiwa: mtoto analia, bibi anaona mjukuu wake anateswa, viatu vinawekwa juu ya kabati, na mguu unarudi ulikotoka. Katika miaka hiyo ya viatu, mama hahitaji kupanda gari kila mara ili aulizwe kama mtoto anavaa. Anahitaji sauti ya mtu anayemjua, impigie jioni, imsikilize, na imwite pale tu viatu vinapombana.

Sasa, tukitaka miadi ya simu ifae, yako mambo ambayo hospitali haina budi kuyashika. Kwanza, mpigaji awe hospitali, kwa gharama ya hospitali. Tusimtazamie mkulima aliyevunjika, asiyefanya kazi miezi mitatu, anunue vocha ili asubiri kwenye laini. Jambo la pili ni dogo, na ndilo linalovuruga mipango mingi: namba iliyoandikwa aghalabu ni ya mume, au ya kijana aliye kazini Paje au Nungwi, na mgonjwa yuko nyumbani hana simu. Ziandikwe namba mbili, kila moja na jina la mwenyewe, na mgonjwa aulizwe ni nani amruhusuye kusikia habari zake. Miadi iwe na saa. "Tutakupigia wiki ijayo" si miadi. Na anayesema kwamba hakufahamu, au kwamba roho yake haijatulia, aitwe aje aonekane, bila ya kuulizwa mara mbili.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema ya kutosha. Niko tayari kusikiliza maswali, na ningeomba tuanze na wale wenye mgonjwa wa hogo nyumbani wakati huu.